Homa ya Mguu Wenye Matende na Dawa Inayochafua Tumbo

Homa ya matende huanza kwa baridi. Mtu amelala mzima, usiku wa manane meno yanagongana, mashuka mawili hayatoshi, na watu wa nyumbani wanaanza kutafuta dawa ya malaria. Kabla hakujapambazuka mtoki umevimba kinenani. Jua likichomoza mguu umekuwa wa moto kuliko mwili mzima, ngozi imekazana na kung'aa, na mgonjwa havumilii hata upindo wa kanga ukimgusa. Mafia, Rufiji, Tanga, Unguja, Pemba, Kilifi, Lamu: kote mwambao wenye matende wanaijua homa hii, na wengi wamezoea kuivumilia tu mpaka ipite.

Mazungumzo ya leo, wasikilizaji, ni juu ya homa hiyo na dawa zinazoitibu, na zaidi ni juu ya jambo lisilosemwa sana: namna dawa hizo zinavyomsumbua anayezimeza, hadi wako wagonjwa wanaoziacha katikati ya dozi bila kumwambia mtu.

Kwa muda mrefu homa hii ilihesabiwa kuwa kazi ya minyoo, na kuamini hivyo kulikuwa rahisi. Matende ya pwani huletwa na mnyoo mwembamba aitwaye Wuchereria bancrofti, anayepitishwa na mbu. Patrick Manson, tabibu Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy huko China, aligundua mwaka 1877 kwamba vijidudu vya mnyoo huyo hukua ndani ya mbu. Mnyoo akishakomaa huishi miaka kadhaa katika mishipa ya limfu ya binadamu na kuiharibu. Basi mguu ulipowaka, lawama ilikwenda kwake. Lakini huko Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil, daktari Gerusa Dreyer na wenzake waliwachunguza kwa makini wagonjwa waliokuwa katikati ya mashambulio, na mwaka 1999 wakaandika kwamba maradhi mawili yalikuwa yakichanganywa. La kwanza hutokana na kufa kwa mnyoo aliyekomaa. Hilo huwa jepesi, na huacha uzi mgumu unaouma chini ya ngozi. La pili, lile la baridi, homa kali na mguu wa moto, ni la bakteria walioingia kupitia ngozi. Mlango wao ulipotafutwa, mara nyingi ulikutwa katikati ya vidole vya miguu, mahali palipolowa, palipochanika, palipoota fangasi.

Maana yake kwa mgonjwa ni kubwa. Dawa ya minyoo haitibu homa ile. Antibayotiki ndiyo inayoitibu, na sabuni ndiyo inayoikinga.

Kwa nini bakteria wakorofi namna hii wapende mguu uliovimba? Kila siku majimaji huvuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kuingia katika nyama za mwili. Mishipa ya limfu huyaokota, huyapitisha kwenye tezi ambako chembe za kinga huwasaka wadudu, kisha huyarudisha kwenye damu. Mishipa hiyo ikiharibika mguu unakuwa kama mtaro ulioziba: maji yanatuama, yana protini tele, na ulinzi wa mwili hauufikii uchafu kwa wakati. Bakteria aina ya streptokokasi, ambao kwa mtu mwingine wangeishia kwenye kijipele, hapa husambaa mguu mzima kwa saa chache. Na kila shambulio huacha makovu katika mishipa michache iliyosalia. Homa ikipoa, mguu haurudi kabisa pale ulipokuwa. Unabaki mkubwa kidogo zaidi, mgumu kidogo zaidi, na kwa hiyo umekuwa rahisi zaidi kushambuliwa tena.

Walio katika hatari hii si wenye minyoo peke yao. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti anaweza kuvimba mkono miezi au miaka baadaye, na mkono huo ukachomwa na mwiba wa bustani au kukatwa na kisu cha jikoni, ukawaka vilevile. Aliyepigwa mionzi ya nyonga kwa saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuvimba miguu. Tena katika nyanda za juu za Ethiopia, Rwanda na Uganda wapo wakulima wenye matende ambayo hayana mnyoo wala mbu. Ugonjwa wao unaitwa podokoniosisi. Hutokana na kutembea pekupeku miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano, kama alivyoonyesha daktari Ernest Price katika utafiti wake wa miaka ya 1970 huko Ethiopia. Sababu zinatofautiana, lakini homa inayokuja baadaye ni ileile.

Siku ya kwanza ya shambulio ndiyo siku yenye thamani, na ndiyo inayopotezwa zaidi. Yanayotakiwa ni machache. Mgonjwa alale, mguu uinuliwe juu ya mto, afungue bandeji au soksi ya kubana mpaka maumivu yatulie, anywe maji kwa wingi, ameze parasetamoli, na mguu upozwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi. Mazoezi ya mguu yasubiri. Kisha aende zahanati siku hiyohiyo, kwa kuwa antibayotiki iliyoanza mapema hufupisha safari.

Yasiyotakiwa ni mengi, na yanafanywa kwa upendo. Bibi anachemsha maji na kuukanda mguu. Jirani anashauri kuchua kwa mafuta. Mganga anachanja chale ili damu chafu itoke, kwa kuwa mgonjwa anasemekana alikanyaga alichotegewa. Maji ya moto huongeza uvimbe na huweza kuunguza ngozi iliyokwisha kudhoofika. Kuchua wakati wa homa huzidisha maumivu. Chale ndiyo mbaya kuliko zote, maana ni milango mipya kumi iliyofunguliwa kwa bakteria walewale. Hakuna haja ya kumtukana bibi wala mganga. Kinachohitajika ni mtu wa afya anayeheshimika pale kijijini kulisema hili waziwazi kabla homa haijaja, kwa sababu usiku wa homa hakuna anayesikiliza darasa.

Hapa kuna jambo moja linalowahusu wauguzi na matabibu zaidi kuliko wagonjwa. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kuitazama ngozi nyeupe, navyo vinasema ishara ya maambukizi haya ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Kinachoonekana ni ngozi iliyokoza, wakati mwingine yenye rangi ya zambarau, inayong'aa kwa kuvutwa. Anayesubiri wekundu atachelewa. Mgongo wa kiganja ni kipimo kizuri: uwekwe kwenye mguu unaouma, kisha kwenye mwenzake, na tofauti ya joto itajisema yenyewe. Baada ya hapo mpaka wa eneo lenye joto uchorwe kwa kalamu na tarehe iandikwe, ili kesho isiwe kazi ya kubahatisha kama linapanuka au linapungua. Na miguu yote miwili ikiwa imevimba sawasawa, haina joto la ajabu na mgonjwa hana homa, mara nyingi hayo si maambukizi, na antibayotiki haitamfaa kitu zaidi ya kumvuruga tumbo.

Sasa dawa zenyewe. Mwongozo wa madaktari wa limfu wa Uingereza unaanza na amoksilini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku, au fluklosasilini pale bakteria aina ya stafilokokasi wanaposhukiwa, na kwa mwenye mzio wa penisilini kuna eritromisini, klarithromisini, doksisaiklini au klindamisini. Muda wake ndio unaowashangaza wengi, kwani dawa inaendelea kwa siku zisizopungua 14. Mtu mwenye mguu wa kawaida hutibiwa kwa siku tano au saba. Mguu wa matende haupitishi maji vizuri, ngozi yake ni nene, na bakteria waliobaki nyuma hurudi kwa urahisi.

Siku 14 za vidonge si jambo dogo kwa mtu wa kijijini, kwa fedha wala kwa tumbo. Ndiyo maana duka la dawa lina desturi zake. Mteja anaomba kapsuli za rangi mbili za shilingi elfu moja, anapewa zinazotosha siku mbili au tatu, homa inashuka, basi. Mwingine huipasua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga ule hauwafikii bakteria walio chini ya ngozi, na huweza kumletea mtu mzio. Lakini kuwalaumu wateja peke yao ni kukosea lengo. Wengi wao hawajawahi kuambiwa zaidi ya maneno manne: moja kutwa mara tatu.

Maneno yanayokosekana ni yale ya nini kitatokea baada ya kumeza.

Wahudumu wa afya wana jina la upole kwa mambo haya, maudhi madogo madogo. Ni kweli kwamba mengi ni madogo, lakini kwa mtu aliyetoka kwenye homa ya digrii 39, asiyekula vizuri, anayelala na mguu juu ya mto, kuharisha mara tano kwa siku na choo kiko nje ya nyumba si kitu kidogo. Mguu wenyewe haukanyagiki. Kila mara analazimika kuushusha, kuukanyagia, kutembea kwenye tope la uani. Hapo ndipo wengine wanapoamua kwamba dawa ni mbaya kuliko ugonjwa, wakaacha.

Amoksilini na jamaa zake huleta kuharisha kwa sababu hazichagui. Zinaua bakteria wa mguuni, na pia wale wema walioko utumboni wanaosaidia kuchakata chakula. Mara nyingi choo huwa laini tu, na hutulia dozi ikiisha. Kumeza pamoja na chakula hupunguza kichefuchefu kwa mtumiaji wa amoksilini, hasa ile iliyochanganywa na klavulaneti, ambayo humezwa mwanzoni mwa mlo. Maji ya ORS hurudisha kilichopotea. Mtindi nao umeonekana kuwasaidia baadhi ya watu, na ni chakula kizuri kwa mgonjwa asiye na hamu ya ugali. Fluklosasilini hutaka kinyume, yaani imezwe tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula, la sivyo haifyonzwi vizuri. Eritromisini inajulikana kwa kukamata tumbo kwa msokoto, kwa kuwa inausukuma utumbo uende mbio. Mara nyingi chakula kidogo kabla yake humpa mtu nafuu.

Doksisaiklini ina masharti yake, na anayeyajua hapati taabu. Kidonge hicho kikikwama kooni huunguza, na mtu huhisi kifua kinachoma kila akimeza mate. Kimezwe kwa bilauri nzima ya maji, mtu akiwa ameketi au amesimama, asilale kwa nusu saa. Kisimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu wala dawa ya kiungulia, maana hivyo huizuia dawa isiingie mwilini. Doksisaiklini na vitu hivyo viachane kwa saa mbili au tatu. Ngozi huwa nyepesi kuungua kwa jua, na kwa mvuvi au mkulima wa mwani wa Pemba hili lisemwe mapema, avae mikono mirefu na kofia. Mjamzito hapewi, na watoto wadogo kwa kawaida hupewa dawa nyingine.

Klindamisini hutibu vizuri, lakini inatakiwa kuangaliwa kwa jicho kali kuliko nyingine. Ikishafagia bakteria wema wa utumbo, yupo mmoja sugu, Clostridioides difficile, anayeweza kushika nafasi yao na kumwaga sumu. Kuharisha kwake ni kwa maji mengi, tumbo linauma, homa inarudi, na kunaweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha. Antibayotiki nyingine nazo zinaweza kuleta hali hiyo. Mtu wa namna hii asinunue dawa ya kufunga choo. Arudi hospitali na kutaja dawa zote alizomeza mwezi uliopita.

Kisha kuna fangasi. Bakteria wema wakipungua, fangasi hupata nafasi ya kustawi. Mdomoni huonekana utando mweupe na chakula hupoteza ladha. Kwa mwanamke huja muwasho ukeni na uchafu mzito mweupe. Mama wa makamo hawezi kumweleza kijana wa duka la dawa habari hiyo mbele ya foleni, basi ananyamaza, na dozi inayofuata anaihofu. Ilhali tiba yake ipo na ni rahisi, nistatini kwa mdomo na klotrimazoli kwa uke. Muuguzi akimwambia siku ya kwanza kwamba hili laweza kutokea na si ugonjwa wa aibu, amemwondolea mzigo mkubwa.

Yapo mambo ambayo si maudhi madogo, na hayo hayasubiri asubuhi. Midomo au uso kuvimba, pumzi kubana, vipele vya kuvimba vinavyoenea mwili mzima muda mfupi baada ya kumeza. Ngozi kubabuka pamoja na vidonda vya mdomoni na machoni, jambo linalojulikana zaidi kwa dawa ya septrini. Macho kuwa ya manjano. Choo chenye damu. Hapo dawa inaachwa na mgonjwa anapelekwa hospitali mara moja, pamoja na boksi la dawa mkononi. Vivyo hivyo maambukizi yenyewe yakizidi nguvu: mgonjwa kuchanganyikiwa, kupumua mbio, ngozi kuwa nyeusi au kufa ganzi, maumivu makali kuliko kinachoonekana, au kutapika kila dawa. Huyo anahitaji dawa ya mshipani.

Mzio wa penisilini una upande wake mwingine. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani inasema mgonjwa mmoja katika kila kumi nchini humo hudai ana mzio huo, ilhali walio nao kweli hawafiki mmoja katika mia. Wengine walitokwa na vipele utotoni vilivyoletwa na kirusi, wengine waliharisha tu, na jina la mzio likaandikwa kwenye jalada likabaki humo maisha yote. Kwa mwenye matende atakayehitaji penisilini mara kwa mara, kosa hilo linamnyima dawa rahisi, ya bei nafuu na iliyo salama, na kumsukumia kwenye zile zinazosumbua zaidi. Kwa hiyo daktari aelezwe hasa kilichotokea: vipele vya namna gani, baada ya saa ngapi, na kama pumzi ilibana.

Kuna hofu nyingine inayowafanya watu wabadili dawa ovyo. Saa 24 za kwanza eneo lenye joto linaweza kupanuka kidogo hata kama dawa inafanya kazi. Na baada ya wiki, homa imekwisha, mgonjwa anakula, lakini ngozi imekoza rangi na inabanduka maganda. Hiyo ni ngozi iliyoungua inayojivua, nayo huweza kuchukua wiki nyingi. Ishara za kutazama ni homa, joto la mguu na maumivu. Hizo zisipopungua ndani ya siku mbili au tatu, ndipo daktari afikirie dawa nyingine.

Na anayeshambuliwa mara kwa mara? Madaktari wa Uingereza na Ireland walilijaribu swali hilo kwa wagonjwa 274 waliokwisha kuugua maambukizi ya mguu zaidi ya mara moja, na majibu yakatoka mwaka 2013. Nusu yao walimeza penisilini ya miligramu 250 asubuhi na jioni kwa mwaka mzima, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Katika mwaka huo asilimia 22 ya waliomeza penisilini waliugua tena, dhidi ya asilimia 37 ya wenzao. La kutia moyo ni kwamba waliomeza dawa halisi hawakusumbuliwa na maudhi kuliko waliomeza vidonge vitupu. La kusikitisha ni kwamba walipoacha, kinga ilififia, na wale waliokuwa na uvimbe walifaidika kidogo kuliko wengine.

Kidonge kinalinda maadamu kinamezwa. Mlango ulioko katikati ya vidole kinauacha wazi.

Ndiyo maana sabuni haina budi kupewa heshima yake. Utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka 2012 uliwagawa wagonjwa 162 wa matende katika makundi matatu: doksisaiklini, amoksilini, na vidonge vitupu, kwa wiki sita. Wote walifundishwa kuosha miguu. Amoksilini ilipunguza mashambulio, lakini haikuufanya mguu kuwa bora. Kaskazini mwa Ethiopia, wagonjwa 696 wa podokoniosisi walifuatiliwa kwa mwaka, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Waliopewa mafunzo ya kuosha, malhamu, bandeji, soksi na viatu walishambuliwa kwa wastani mara 19 kwa mwaka, na wale waliosubiri zamu yao mara 24. Tafakari namba hiyo. Hata kwa waliohudumiwa, mara 19 ni zaidi ya shambulio moja kila mwezi, na kila moja ni siku kadhaa za kutolima. Ilipofanyika tathmini ya tafiti mbalimbali mwaka 2015, ilionekana kwamba uwezekano wa kushambuliwa kwa wanaotunza usafi wa mguu ulikuwa karibu theluthi moja ya ule wa wasioutunza.

Kuosha kwenyewe kunataka subira zaidi ya nguvu. Maji safi yasiyo ya moto, sabuni ya kawaida isiyo kali, kitambaa laini. Anza juu shuka chini, kila mkunjo, kila katikati ya vidole, hadi maji yatoke meupe. Kisha kukausha, na hapa ndipo wengi wanapokosea: fangasi hula mahali palipoachwa na unyevu. Taulo igandamizwe, isisugue. Penye fangasi papakwe klotrimazoli au malhamu ya Whitfield, dawa ya zamani na ya bei ya chini iliyotumika pia kule Ethiopia. Antibayotiki iliyotibu homa haigusi fangasi huyo hata kidogo, na asipotibiwa atafungua mlango tena baada ya dozi kwisha. Kucha zikatwe sawa, viatu viwe vipana na vyenye kupitisha hewa, usiku miguu ya kitanda upande wa chini iinuliwe kwa matofali.

Soksi za kubana nazo zimeonyesha kazi yake. Huko Canberra, Australia, wagonjwa 84 wenye uvimbe sugu waligawanywa katika makundi mawili, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa tofauti ilikuwa dhahiri: asilimia 15 ya waliovaa waliugua tena, dhidi ya asilimia 40 ya wasiovaa. Matokeo hayo ni ya mwaka 2020. Joto la pwani na bei ya soksi hizo ni vizuizi vya kweli, na ni haki wizara zetu ziulizwe kama soksi hizo zimo katika orodha ya vifaa vya zahanati za mwambao.

Kazi kubwa imefanyika upande wa kuzuia. Tanzania Bara ilianza kugawa kingatiba ya matende Mafia mwaka 2000, Zanzibar ikafuata 2001, Kenya ikaanzia Kilifi mwaka 2002. Mamilioni ya watu wamemeza albendazoli na dawa nyingine ya minyoo, maambukizi mapya yamepungua, na Malawi jirani ilithibitishwa mwaka 2020 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Lakini kingatiba haiupunguzi mguu uliokwisha kuvimba. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 15 wenye uvimbe wa matende, na mpango wake una nguzo mbili, ya kuzuia na ya kuwahudumia waliokwisha kuumia. Mgawa dawa hupita nyumba kwa nyumba na kipimo cha urefu mkononi, humpa mzee vidonge, humwandika daftarini, na huondoka bila kuutazama mguu. Nguzo ya pili imeachwa nyuma, na huo ni uzembe ambao haufichiki kwa takwimu nzuri za ugawaji.

Recife walikwishaonyesha njia ya kuanzia bila fedha nyingi. Dreyer na wenzake waliunda vikundi walivyoviita Vilabu vya Matumaini, ambako wagonjwa wenyewe hukutana, huoshana miguu kwa zamu ya kujifunza, na hupeana habari za dawa gani ilimsumbua nani na alifanya nini. Mwenye matende miaka ishirini anajua mengi ambayo daktari kijana hajayasoma.

Nchi inayotaka kuthibitishwa kuwa imeyatokomeza matende hutakiwa kuonyesha kwamba huduma kwa wagonjwa waliopo inapatikana. Basi waganga wakuu wa wilaya za mwambao wahakikishe kila zahanati ina dozi kamili ya siku 14, malhamu ya fangasi na ORS. Muuza dawa amweleze mteja kitakachotokea tumboni kabla hajaondoka dirishani. Na wewe uliye katikati ya dozi sasa hivi, tumbo limechafuka na unawaza kuacha: usiache kimyakimya. Chukua boksi lako, rudi ulikopewa, sema yote, na uombe dawa nyingine ikibidi.